Bibi Harusi wa Mzee Haron

Nilichokiona kwanza ni makopo ya rangi. Kabla hata sijainua macho kuitazama picha niliyoitiwa, nikaona makopo ya rangi ya mafuta, ile ya kung'aa inayopakwa mageti ya chuma, yamepangwa sakafuni chini yake, na brashi mpya juu yake bado ziko ndani ya nailoni. Damu ikanipanda kichwani palepale.

"Haya ni ya nini?" nikauliza.

"Ni ya hiyo picha," akanijibu Bwana Zadock, mwenyekiti wa kamati ya jubilii ya kanisa hilo la Muthangari. "Si unaona vile imechoka? Imekuwa nyeusi kama sufuria. Askofu anakuja Novemba, hatuwezi kumkaribisha na kitu kama hiyo. Tumepata kijana wa kuchora matatu, yuko na mkono safi kabisa. Atapitia tu hapo juu, sura zitoke."

"Sasa mimi mmeniita nifanye nini?"

"Ni Mzee Haron alisema uitwe. Basi tuko hapa, tunakusikiza."

Wananisikiza! Rangi imeshanunuliwa, fundi ameshapatikana, tarehe imeshawekwa, halafu wananisikiza. Nikawaambia wayatoe makopo yale mbele yangu kabla sijafungua mdomo. Wakadhani natania. Nikayabeba mwenyewe, mawili mkono huu, mawili mkono huu, nikayatua nje kwenye nyasi na buibui langu lote likashika vumbi.

Jina langu Mabruka binti Idarus. Kazi yangu ni kutunza picha za zamani: nazisafisha, nashikiza rangi inayobanduka isianguke, nashona turubai iliyochanika. Chumba changu cha kazi kiko Ngara, juu ya duka la jumla la mabegi, na majirani wanaamini mimi ni fundi wa fremu. Nimechoka kuwaeleza. Maana hapa kwetu kitu kikizeeka dawa yake ni moja tu, kipake rangi. Mgeni mkubwa akija, ukuta unapakwa, mawe ya kando ya barabara yanapakwa, hata mashina ya miti yanapakwa chokaa ati mgeni aone usafi. Siku moja watampaka rangi na mgeni mwenyewe.

Lakini habari hii si yangu, ni ya Mzee Haron Maina. Ndiye aliyeandika kibao cha duka la baba yangu, herufi nyeupe juu ya kijani, na mimi mtoto nimesimama kando namtazama, sielewi vipi mtu anapiga mstari ulionyooka vile bila rula. Maisha yake yote ameandika vibao. Vya bucha, vya vinyozi, vya madaktari wa meno, vya shule. Mtu aliyepita Ngara miaka ile, nusu ya aliyoyasoma njiani ni mkono wa Haron. Kwao ni Kangemi, hapo ng'ambo tu ya Muthangari, na wazazi wake walikuwa wanalima viazi pale palipojaa magorofa leo.

Vibao hata yeye hawezi kuvihesabu. Picha alichora moja tu.

Ni hiyo Harusi ya Kana, ile ya Yesu kugeuza maji kuwa divai, picha pana kama ukuta wa chumba. Aliichora juu ya turubai ya lori kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo, akiwa kijana hajaoa. Mitungi ya maji ni mitungi ya kwa mama yake. Wageni wa harusi ni majirani zake. Na bibi harusi ni Nyakio, msichana wa kwaya ya kanisa hilohilo, aliyekubali kuketi achorwe kwa sharti moja, kwamba mama yake akae mlangoni akisuka kiondo mpaka kazi iishe. Mama mtu alisuka viondo kadhaa. Haron hakuwa na haraka hata kidogo. Picha ilipotundikwa walikuwa wameshachumbiana, na wakaja wakafungia ndoa mbele yake. Sasa Nyakio amefariki, na kila Jumapili Mzee Haron huketi benchi la nyuma, chini ya picha iliyogeuka giza, na hakuna hata mmoja kwenye ile kamati aliyefikiri kumwita mkutanoni. Mchoraji yu hai, yuko humo humo kanisani, na wao wanajadiliana rangi ya geti!

Halafu kuna macho yake. Presha ya macho inamla polepole. Nilimsindikiza kwa daktari Upper Hill mwanzoni mwa Julai, siku ya baridi ile ya kuuma mifupa, tukakaa kwenye foleni asubuhi nzima. Akatoa mfukoni kikopo kidogo cha mafuta ya mgando, akajipaka mikono, akanisogezea.

"Jipake, mwanangu. Mikono yako imepauka."

"Mzee, mimi nashika picha za watu kwa mikono hii. Sipaki mafuta."

"Baridi yote hii? Si utapasuka." Akakirudisha mfukoni akitikisa kichwa, kana kwamba nimemwambia sikogi.

Daktari alisema waziwazi. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki ni tundu dogo katikati, na hilo nalo linajifunga. Tulipotoka nje Mzee Haron akasimama kwenye ngazi, akanishika mkono.

"Picha za kamera za Nyakio ziko tele," akaniambia. "Watoto wanazo kwa simu. Lakini ile ya kanisa ndiyo vile mimi nilimwona. Nataka kumwona hivyo mara moja kabla sijafunga hii macho. Ukianza kuisafisha, anza na uso wake."

"Haiwezekani, Mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uso ni wa mwisho! Mtu huanza pembeni, kwenye majani, kwenye miguu ya meza, mahali ambapo ukikosea hakuna atakayelia. Ukishajua rangi inakubali nini na inakataa nini ndipo unausogelea uso. Ndiyo kazi ilivyo."

"Na mwisho ni lini?"

"Ukiniuliza vizuri, mwaka ujao."

Akauachia mkono wangu. "Mwaka ujao sitakuwa na la kuonea," akasema, akaanza kushuka ngazi akipapasa ukuta.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula mchana ule. Ningefanya nini? Nimekula kiapo na nafsi yangu kwamba sitafanya kazi kwa pupa, nimewafokea wenzangu kwa kosa hilo hilo, halafu mzee wa watu ananiweka kwenye kona namna hii. Na kibaya zaidi, alikuwa hajaomba kitu kikubwa.

Kamati ikaniruhusu kuichunguza picha kwanza, kisha nilete mpango wangu mbele yao Jumapili baada ya ibada. Nikaiteremsha kwa msaada wa walinzi, nikailaza juu ya meza za chai, nikawasha taa pembeni ili mwanga upite kimshazari juu yake na kuonyesha kila mkunjo na kila ufa. Turubai ya lori ni kitu kigumu, imevumilia. Rangi nayo imeshika, isipokuwa upande mmoja ambako mvua iliwahi kuvuja. Kilichoiua picha ni uchafu uliokaa juu yake. Nikatwaa kijiti chenye pamba, nikakilowesha mdomoni, nikaanza kuviringisha pembeni kidogo. Mate, ndiyo. Mate ya binadamu yanatoa vumbi kwa upole kuliko sabuni yoyote, kila mtu wa kazi hii duniani anayatumia.

Ndipo Bwana Zadock akaingia.

"Madam! Unatemea Bwana Yesu mate?"

"Sitemei, nasafisha."

"Nimekuona na macho yangu! Umetoa kitu mdomoni ukaweka kwa picha ya Bwana!"

"Hapa niko kwenye mguu wa meza, Bwana Zadock. Na hata kwetu Nabii Isa ana heshima yake, usinifundishe adabu. Wewe uliyetaka kumpaka rangi ya geti ndiye unayenisomea mimi?"

Akatoka akinung'unika kwamba ataliambia baraza la wazee wa kanisa. Akaliambie. Nikarudi kwenye kazi, na hapo ndipo nilipogundua kitu kilichonichemsha kweli. Pembeni vumbi lilitoka. Nilipofika kwenye nyuso za wageni, pamba ikateleza. Nikagusa kwa kidole, kidole kikateleza. Mafuta! Tabaka juu ya tabaka la mafuta ya kujipaka, yamenasa vumbi la barabara, moshi wa mishumaa, mabawa ya kumbikumbi, kila kitu. Kwenye kanzu ya Bwana kulikuwa na mafuta ya kupikia kabisa, yamegeuka manjano na kunata kama gundi. Na uso wa bibi harusi ndio uliokuwa mnene kuliko zote, umefunikwa mpaka huoni pua iko wapi na mdomo uko wapi.

Nikamfuata Zadock nje. "Nani anaipaka picha mafuta?"

"Si ni kina mama," akasema, wala hakushangaa. "Kila Ijumaa Kuu wanapaka, ing'ae Pasaka. Tangu zamani."

Wallahi! Nimeona picha zilizotafunwa na panya, nimeona zilizotobolewa misumari, lakini hizo ni ajali. Hawa walikaa wakapanga zamu!

Jumapili nikasimama mbele yao na mpango wangu. Chai ilikuwa imemiminwa, mandazi yako kwenye sinia, na kina mama wameketi mbele na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Mzee Haron alikuwa nyuma, mahali pake. Nikaanza vizuri. Nikawaeleza kwanza tutashikiza rangi ya upande uliovujiwa, kisha tutaondoa vumbi, kisha mafuta kidogo kidogo kwa dawa isiyodhuru rangi, na kwamba palipobanduka hatutamzulia mtu sura, tutapatuliza tu kwa rangi inayofanana ili jicho lisigonge hapo. Mpaka hapo nilikuwa mtu wa heshima zake. Nilipofika kwenye neno mafuta nikaona mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, wanacheka, na mimi nikawaka.

"Mnacheka nini? Mmeiua picha hii nyinyi! Hebu niambieni, ni nani mwenye akili zake timamu anayechukua mafuta ya kupikia akampaka mtu wa ukutani? Mlitaka kumkaanga?"

Kisha akainuka Mama Wangui, mwenyekiti wa kina mama, mwanamke mpana mwenye sauti ya taratibu, na taratibu yake ikanikasirisha zaidi.

"Madam, pole. Kwanza mafuta ya kupikia ni mwaka ile duka zilikuwa zimefungwa, tukakosa ingine. Halafu nikuulize. Wewe ukitoa mtoto nje asubuhi, unamtoa akiwa amepauka? Miguu nyeupe kama ameruka kwa unga? Watu watasema huyo hana mama. Sasa Pasaka imefika, kanisa imejaa, na hawa watu wa Mungu wako hapo ukutani wamepauka. Sisi tungekaa tu tukiwaangalia?"

"Ni rangi! Rangi haipauki kama ngozi, mama! Nani aliwafundisha upuuzi huu?"

Nikaona vitambaa vyeupe vinageuka, kimoja baada ya kingine, vyote vinatazama nyuma. Mzee Haron akawa anajiinua kwenye benchi lake, ameshikilia la mbele.

"Ni Nyakio," akasema.

Nikageuka na mimi.

"Tulikuwa na mtoto mchanga," akaendelea. "Ijumaa Kuu alikuja kufagia kanisa, akajiangalia hapo juu. Akaniambia, Haron, hii ni nini umenifanyia? Umenichora nimepauka mbele ya watu wote. Akatoa mafuta ya mtoto kwa kikapu, akapanda, akajipaka uso. Halafu akaona haya kujipaka peke yake, akapaka na hao wengine. Mwaka uliofuata akaja na hawa wamama wamsaidie."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimeshika ngazi."

Kina mama wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. "Ulijua yataharibu?"

"Mtu wa rangi atakosa kujua?"

"Na ukanyamaza! Pasaka baada ya Pasaka unamshikia ngazi aiharibu picha yako, picha moja uliyochora maisha yako yote! Halafu leo unanijia mimi, ati anza na uso, anza na uso! Uso gani, Mzee? Mmeuzika wawili nyinyi!"

"Mwanangu," akasema polepole, "wewe hukumjua Nyakio. Alikuwa anafurahi sana akishuka. Mimi nilikuwa naangalia hiyo. Lakini hawa usiwagombeze, wao walimfuata yeye tu. Nigombeze mimi."

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno tele, yamejaa kifuani. Lakini Bwana Zadock akaona nafasi yake, akapiga meza. "Sasa si mmesikia wenyewe? Imeharibika. Mambo ya miezi na miezi hatuwezi, askofu hatangoja. Tupake rangi mpya tumalize hii maneno."

Mama Wangui hakupandisha sauti hata kidogo. "Zadock," akasema, "ukiguza uso wa Nyakio na hiyo rangi ya geti, wewe na chai ya kina mama mmeachana. Hapa kanisani na hata kwa matanga."

Yule bwana akatazama sinia la mandazi, akatazama vitambaa vyeupe mbele yake, akaketi. Mpango ukapita bila hata kura. Rangi ikaenda ikapakwa geti, na ilipendeza, siwezi kusema uongo. Askofu angepokelewa na picha iliyosafishwa nusu, na kibao cha kueleza kwa nini.

Jumatano nikampitia Mzee Haron tukaenda kanisani. Njia nzima sikumsemesha. Bado nilikuwa nimemkasirikia, nilimkasirikia kweli, na nilijikasirikia mwenyewe zaidi, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimeuchukua mpango wangu nikakata kwa kalamu mstari unaosema kazi itaanza pembeni. Kanuni niliyowafokea watu kwa ajili yake. Niliikata kwa hasira mpaka karatasi ikachanika.

Picha ilikuwa bado imelazwa juu ya meza. Nikamwekea kiti karibu na kichwa cha bibi harusi, nikavaa miwani yangu ya kukuzia, nikachovya pamba kwenye dawa. Nikaanza chini ya sikio, mahali padogo kama ukucha. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi. Ya pili nyeusi. Nikaendelea, naviringisha, natupa, naviringisha, natupa, moyo unanidunda kama mwizi, maana rangi ingekubali au ingekataa na sikuwa na pa kujificha. Ikaanza kutoka ya kahawia. Kisha pamba ikatoka safi, na chini yake pakawa na taya ya msichana.

Nikapanda shavuni. Nikafika kwenye jicho, nikafika kwenye mdomo, na hapo nikaelewa yule kijana alikuwa anatazama nini siku zile za viondo. Alimchora ameubana mdomo kama mtu anayezuia kicheko kwa kuwa mama yake yupo mlangoni. Rangi ya ngozi ilikuwa kahawia nyekundu, ya joto, haina hata ufa mmoja. Nikaweka pamba chini.

"Haya, Mzee. Mtazame."

Akainama mpaka pua yake inakaribia turubai. Akageuza kichwa huku, akakigeuza huku, analitafutia lile tundu lake dogo la kuonea pa kupitia. Alipata jicho kwanza. Halafu akashuka mdomoni, akatulia hapo muda mrefu. Nikasikia anapumua.

"Ndiye," akasema. "Ndiye huyu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na mimi nikageuka kujifanya napanga vijiti vyangu. Sikutaka anione. Kisha nikamsikia ananguruma kidogo kooni, kama mtu aliyeona kasoro.

"Lakini mwanangu."

"Nini?"

"Amepauka."

Nikageuka. Ni kweli uso uliotoka kusafishwa huwa mkavu, hauna mng'ao. Ni mpaka mwisho wa kazi ndipo unapakwa vanishi nyembamba. Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze, na nikauona mkono wake. Ulikuwa umeshaingia mfukoni, umeshatoka, umeshafungua kikopo, na kidole kimeshachota. Macho yake hayakutoka usoni kwa mkewe hata kidogo.

"Mzee!" Nikamrukia, nikamkamata kifundo cha mkono. "Mzee Haron, haki ya Mungu ukimgusa na mafuta hayo nakuvunja mkono!"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. Akakitazama kidole chake. Akaanza kucheka, na mimi bado nimemshika, akacheka mpaka akalala juu ya ukingo wa meza, akisema, "Nyakio angenigombeza kumwacha hivi, mwanangu, angenigombeza, ningemwambia nini?" Nilimfuta kile kidole kwa buibui langu mwenyewe. Kikopo nikakitia kwenye mkoba wangu, na kila nikimtembelea ananiuliza kiko wapi, kwamba baridi inamkausha mikono. Namwambia akanunue kingine. Kile simrudishii.